Kutu ya bomba la hewa ukaa huanzia tumboni

Mhariri,

Kila mazungumzo ya kukamata hewa ukaa viwandani na kuisafirisha kwa mabomba yakigusa kutu, utasikia rangi, lami na umeme wa kukinga chuma. Sisi mafundi bomba wa Dodoma hatushangai, maana huku mabomba ya maji tunayafukua yameliwa na udongo wa chumvi. Lakini kinga hizo ni za mgongoni, yaani nje ya bomba. Hewa ukaa hulila bomba tumboni, kwa ndani.

Nimeliona hilo kazini. Tulifunga bomba fupi la chuma cha kawaida kupitisha gesi hiyo kwenye kiwanda kidogo cha vinywaji. Tukapima presha kwa maji, halikuvuja, tukafungulia gesi. Kukausha hakuna aliyekumbuka, na mimi nikiwemo. Baada ya miezi, kiwiko cha chini kabisa, pale maji yalipotuama, kikaanza kutoa jasho. Nilipokikata, upande wa juu ulikuwa mzima. Wa chini umebaki mwembamba kama karatasi.

Hewa ukaa kavu haina ugomvi na chuma. Marekani wanaisukuma kwenye mabomba ya chuma cha kawaida tangu miaka ya 1970, na mtandao wao una takribani kilometa 8,000. Ikikutana na maji ndipo inageuka tindikali, ile ile inayochoma ulimi ukinywa soda. Kwenye bomba kubwa presha huzidi mara 70 ya hewa tunayovuta, kwa hiyo maji kidogo tu yakijitenga, chuma kinaliwa kwa kasi. Gesi iliyotoka kwenye moshi ni mbaya zaidi: mabaki ya oksidi za salfa na naitrojeni huzaa tindikali kali hata kwa unyevu ambao, kwenye gesi safi, usingekidhuru chuma.

(Wanaotolea mfano mkasa wa Satartia, Mississippi, Marekani, bomba la hewa ukaa lilipopasuka Februari 2020, wakumbuke kwamba bomba lile lilikatwa na ardhi iliyoporomoka baada ya mvua. Kutu haikuhusika.)

Naomba mwandishi wenu akikutana na mhandisi anayesifia unene wa bomba, amuulize kwanza: gesi itakaushwaje, nani atapima unyevu, na kipimo kikipanda usiku wa manane, nani ana ruhusa ya kufunga valvu?

Fundi bomba,
Chang'ombe, Dodoma