Barua kwa mwanangu wa Lubumbashi: huku Kipushi kuko bintu

Mwanangu, mama,

Jambo sana. Huku wote tuko wazima, baba yako anakusalimia, na nkambo, bibi yako, anasema usisahau ile mafuta yake ya kupakaa ku magoti. Nakuandikia kuliko kukupigia juu leo niko na maneno mingi, na nikikupigiaka unaniambiaka "mama niko ku kazi, nitakurudilia", kisha usiku unaingia. Hii utaisoma pole pole ukiwa umekaa.

Ni juu ya lile neno ulisema siku ile, eti ukuje Kipushi kufanya nini, huku hakuna kintu. Sikukasirika mwanangu, kweli kabisa. Lakini lilinibakia mu roho, na tangu siku ile kila kintu ninaona hapa ku lupango, ku kiwanja yetu, ninajiuliza, na hii je, hii nayo si kintu? Kati ya weye na siye ni kilometa kama 30 tu, lakini naona kama umeanza kutuona mbali. Ngoja basi nikwambie kwenu kuko nini.

Anza na asubuhi. Saa kumi na mbili haijafika, batoto ba jirani bameisha kupita na sahani, banaenda kwa mama wa bitumbula, ile mandazi ya kukaanga, pale ku kona. Bado anakaangia pale pale chini ya muembe, na mbabula yake ya makaa ile ile yenye ilivunjika muguu moja akawekeaka jiwe. Bado anaongezaka kimoja kwa mutoto mwenye kutumwa, kusudi akule mu njia asichokoze ile ya nyumbani. Weye mwenyewe ulikulaka ile ya nyongeza miaka yote, ulikuwa unafika mafuta iko ku kidevu. Anaulizaka habari yako mwanangu, kila nikipita, "mutoto wa Lubumbashi ajambo?" Huko kwenye umepanga, ni nani anaulizaka kama umeamuka muzuri?

Siku ya posho, jumamosi, ninapikaka munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi, ile haijabadilika. Najua na huko barabarani banauzisha mu bidon, lakini hujui imekaa siku ngapi wala bametia nini. Ya kwetu unaijua, lakini sijui kama uliangaliaka muzuri au ulikuwa unangoja kunywa tu. Asubuhi ninaweka sufuria kubwa ku moto, uji wa unga wa mahindi, ninaukoroga mpaka ile harufu ya ubichi inaisha, kisha ninautosha na ninangoja. Hapo njo bengi banaharibu juu banapenda lubilo. Uji ukiwa wa moto sana mizizi inakufa, haitafanya kazi yake. Ukipoa sana nayo inachelewa. Ninawekaka mukono ku ubavu wa sufuria, nikiona ninavumilia, njo ninaingiza mizizi ya munkoyo yenye baba yako ameisha kuiponda na nyundo mpaka imebakia nyuzi nyuzi. Sasa kaa uangalie. Ule uji wenye ulikuwa muzito unaanza kulegea wenyewe, unakuwa maji, na unakuwa mutamu hakuna mutu ametia hata kijiko moja ya sukari. Mudogo yako aliuliza mwalimu wake wa bioloji, mwalimu akamwambia mu ile mizizi muko kintu yenye inakataka wanga na kuugeuza sukari. Alirudi hapa mbio kutuelezea, anaeleza na mikono yote mbili, nkambo anamuangalia tu na kucheka kwa furaha juu yeye njo alinifundisha miye ile kazi nikiwa na umri wa mudogo yako.

Siku ya yenga, jumapili, kisha misa ninachuja, na hapo bajirani banaanza kupita na bikopo. Nusu ya sufuria si yetu, unajua. Mama jirani naye hanaachaka kopo kurudi wazi, atatia kipande ya chikanda, keki ya mizizi na karanga, ile yake yenye pilipili mingi, au matunda ya masuku kama ni wakati yake. Mutu akihesabu nani alitoa mingi kuliko mwenzake hatamaliza.

Na pale penye bikopo vinapita, ule mlango mudogo kati ya lupango yetu na yao, nafikiri hatujakwambiaka ulitoka wapi. Mugodi wa hapa Kipushi ulifungwa 1993, weye hujazaliwa. Baba yako alikuwa kijana, jirani pia, na kazi ikaisha kwa wote. Sitakuficha, ilikuwa nguvu. Bamama tukaingia mu mashamba, tukalima mahindi na mihogo, tukajifunza kuuzisha, na jioni mwenye alipata kitu ya kupika alipika kwa wote. Sasa kuzunguka barabara na sufuria ya sombe, majani ya mihogo, ya moto ku mikono ilikuwa taabu, hapo siku moja baba yako na jirani bakachukua panga, bakakata miti ya ule uzio wa zamani, pakawa pa kupita. Hivyo tu. Sasa tangu mugodi urudie kazi 2024, asubuhi vijana wa viatu vya boti na kofia ngumu banapita mingi, nyumba za kupanga zinatafutwa, na jirani akapata feza ya kujenga ukuta ya matofali. Alipoanza kuweka alama baba yako akamwendea, akamwambia jenga ndugu yangu, lakini pale petu pa kupita pabakie. Akacheka, akasema nani alikwambia ninapafunga? Ukikuja utaona, ukuta ni muzuri, na mlango uko, baliupaka rangi ya bluu.

Njo mule tulipitia wote mwezi wa kumi na mbili 2010, Mazembe, timu yetu ya mpira ya Lubumbashi, ilipocheza na Internacional ya Brazil kule Abu Dhabi. Ulikuwa mudogo, sijui kama unakumbuka. Jirani njo alikuwa na televizio na grupu ya umeme, akaitosha ku barza kusudi wote baone, na lupango ikajaa mpaka bengine bakapanda mu muembe. Kabangu alitia ya kwanza. Kaluyituka akatia ya pili, na pale golikipa Kidiaba akakaa chini akaanza kuruka na matako mu majani, unajua ile yake. Mwanangu! Batoto bote ba avenyu bakaanguka chini bakaruka na matako mu matope, juu mvua ilikuwa imenyesha muchana, na weye mu ile robe nyeupe ya kanisa yenye tantine alikuleteaka. Nilitaka kukukamata, nkambo akanishika mukono, akasema "acha mutoto, timu ya Afrika haijafikaka mbali hivi". Na ni kweli, ilikuwa mara ya kwanza timu ya Afrika kufika finale ya ile mashindano ya vilabu vya dunia. Ku finale Inter ya Italia ilitufunga 3, lakini kwetu mutu akikumbusha ile mwaka anakumbusha Kidiaba na matope. Robe niliifua mara mingi haikurudiaka nyeupe, na ninayo bado mu sanduku.

Na siku ya matokeo yako ya egzame ya Leta, ile ya kumaliza sekondari? Ile unakumbuka weye mwenyewe, sitaandika mingi. Nasema tu kwamba pudri ya furaha yenye balikumwangia ku kichwa haikuwa ya kwetu, siye hatukuwa na hata kopo moja siku ile, ilitoka ku nyumba tofauti tofauti za avenyu, kila mama alikuja na yake akiimba. Baba yako alikuwa mweupe mpaka ku nyusi na hakutaka kunawa.

Jioni sasa. Kuran ya umeme ikiwepo batoto banasoma, ikikatika tunatosha viti ku barza na nkambo anaanza kushimulia, na bale batoto ba jirani banajua, banapita mlango bila mutu kubaita. Mu mwezi wa sita na wa saba ile baridi ikiingia tunasogeza mbabula katikati, mahindi ya kuchoma, karanga. Baba yako anaweka redio yake chini ya kiti, sauti kidogo, juu hapendi kupitwa na habari. Miye hapo mikono inatengeneza mboga ya kesho na masikio iko kwa nkambo. Nakwambia kweli, ile saa njo ninapendaka kuliko zote mu siku nzima, na kama mutu angenipa nyumba ya etaje kule muji ningemuuliza kwanza kama iko na barza na kama bajirani bataingia bila kubisha.

Sasa mvua imeanza, na hii njo sababu kubwa ya barua. Bowa, ule uyoga wetu, imetokea! Wiki hii bamama bametoka mu pori na ile kubwa ya ku vichuguu, mwenye kuibeba ku kichwa unasema amefungua mwavuli. Iko zenye kofia yake inafika mita moja kwa upana, baba yako anasemaka hakuna bowa ya kukula kubwa kuliko ile mu dunia nzima, na hapo hadanganye. Muchwa njo banailima kule chini mu nyumba yao, mvua ikilowesha udongo inapanda juu. Haikatwe na kisu, unajua, unaipasua na vidole kufuata nyuzi zake, unaosha kidogo tu, kitunguu, nyanya, mwisho unga wa karanga, na bukari, ule ugali wetu, ya moto pembeni. Haitumwe mu basi, inalala usiku moja tu imeisha kuharibika. Inafaa mutu akuje mwenyewe.

Basi nambie ni wikendi gani. Ukikuja siku ya tano, ijumaa, jioni utakuta munkoyo haijapikwa na utaweka mukono ku sufuria weye mwenyewe. Usilete mikate, huku iko. Lete mafuta ya nkambo, na kama feza inaruhusu kipande ya kitenge kwa mama wa bitumbula, anaolesha mutoto wake mwezi kesho na miye niko mu komite ya chakula, hapo tutahitaji mikono yako pia. Ukipanda basi tuma mesaji, mudogo yako atakungojea na kinga, baiskeli yake, juu ya kubeba sakosi.

Miye mama yako