Askari wa zamani anapokuwa mwajiri nyumbani kwake

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Wazungumzaji wengi wa Kiswahili tulioko Marekani tumesikia kwamba serikali ya huku inamlipa mtoto amtunze baba yake aliyekuwa jeshini. Ni kweli nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayowaponza watu.

Mpango wenyewe unaitwa Veteran-Directed Care. Ulianza mwaka 2008 chini ya Idara ya Wanajeshi wa Zamani, yaani VA, ikishirikiana na mashirika ya huduma za wazee na walemavu ya kila eneo. Mwanajeshi wa zamani wa umri wowote, akiwa kijana aliyeumia au mzee aliyepooza, ambaye hali yake ingemstahilisha kuishi katika makao ya wazee, hupangiwa bajeti ya kila mwezi. Si lazima ugonjwa uwe umetokana na jeshi. Kwa bajeti hiyo huajiri amtakaye, awe mwanawe, mjukuu au jirani. Yeye ndiye mwajiri: anapanga saa, kazi na mshahara, na anaweza kumwachisha kazi mhudumu asiyefaa. Fedha hazimpitii mkononi. Kuna kampuni maalumu inayokata kodi na kulipa.

Mlango wa kuingilia si ofisi ya pensheni. Asiyeandikishwa katika huduma ya afya ya VA aanze na fomu 10-10EZ. Aliyekwisha kuandikishwa amwone afisa ustawi wa jamii katika timu ya daktari wake, na autaje mpango kwa jina.

Kisha huja tathmini, na hapo ndipo wazee wetu wengi wanapopunjika. Nesi akiuliza hali, mzee hujibu kwamba anaendelea vizuri, anamshukuru Mungu, na mwanawe aliyeketi kando huitikia, kwa kuwa si adabu kumfedhehesha baba mbele ya mgeni. Tathmini haipimi adabu. Inapima kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, pamoja na kumbukumbu, na bajeti hufuata majibu hayo. Kwa hiyo tunashauri familia ziandike mambo ya wiki mbili zinazotangulia tathmini: ameanguka mara ngapi, ameamka usiku mara ngapi, nani alimshika bafuni, dawa zipi zilisahaulika. Kama mzee anaona haya kusema, nesi akabidhiwe karatasi hiyo. Kumficha mzee ni kumnyima saa za huduma.

Bajeti ikishatoka, hesabu huharibika kwa njia mbili. Kwanza, watu husahau kodi ya mwajiri. Mshahara wa dola 18 kwa saa, kwa saa 25 kwa wiki, ni dola 450. Ongeza asilimia 7.65 ya Social Security (mafao ya uzeeni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), inafika zaidi ya dola 484, kabla ya kodi ya ukosefu wa ajira na bima ya ajali kazini. Pili, wanahesabu mwezi kuwa wiki nne. Saa 25 kwa wiki ni takriban 108 kwa mwezi, si 100, na zile nane ndizo zinazokausha bajeti kabla ya tarehe 30.

Mke akiajiriwa na mumewe, mshahara wake haukatwi Social Security wala Medicare. Wengi hufurahia hilo bila kujua kwamba kwa kazi hiyo hajijengei mafao yake ya uzeeni. Hili lizungumzwe nyumbani mapema.

Mhudumu hujaza fomu I-9, ya kuthibitisha kwamba anaruhusiwa kufanya kazi Marekani, na W-4, ya makato ya kodi ya mapato, na saa alizofanya kabla karatasi hazijakamilika hazilipwi. Shangazi aliyekuja kutembea kwa viza ya utalii hawezi kulipwa hata kidogo, na akilipwa kwa siri anaihatarisha viza yake. Saa za siku ambazo mzee amelazwa hospitali nazo zisiandikwe kwenye fomu ya saa za kazi.

Familia hutakiwa pia kuandika mpango wa dharura, wenye jina la mtu wa akiba wa kushika nafasi ya mhudumu asipokuwepo. Familia huandika jina lolote ili nafasi isibaki wazi, kisha mhudumu anaugua, na yule wa akiba hana I-9 wala hajapitishwa. Akamilishe karatasi zote siku moja na mhudumu mkuu. Pia, mzee aliyepoteza kumbukumbu huwekewa mwakilishi wa kusaini kwa niaba yake, na mwakilishi huyo hawezi kuwa ndiye anayelipwa. Familia yenye mtoto mmoja tu itafute mtu wa pili kabla ya kuomba.

Si kila hospitali ya VA ina mpango huu. Sheria yenye jina la Seneta Elizabeth Dole, iliyosainiwa tarehe 2 Januari 2025, inaagiza ufikishwe katika vituo vyote vya tiba vya VA, na imepandisha kikomo cha gharama za huduma ya nyumbani kutoka asilimia 65 hadi 100 ya gharama ya makao ya wazee. Ukiambiwa haupo kwenu, omba ombi lako liandikwe katika faili la mgonjwa, na wakati huohuo uombe mhudumu wa kuletwa na wakala anayelipwa na VA. Huyo huletwa bila mzee kuwa mwajiri.

Wahudumu wa wagonjwa majumbani,
Minneapolis, Marekani