Fasihi ya Renesansi ifundishwe pamoja na fikra zake, na ianzie Ngomeni

Kwa Mhariri,

Nimefundisha Kiingereza na fasihi yake katika shule za upili za Pwani kwa zaidi ya miaka ishirini, na ninaandika wakati huu kwa sababu mtaala mpya umefika sekondari pevu na wapo vijana waliochagua Fasihi ya Kiingereza kuwa mojawapo ya masomo yao. Ombi langu ni moja. Tutakapowasomesha tamthilia na mashairi ya zama za Renesansi, yaani ule mwamko wa elimu na sanaa ulioanzia Italia katika karne ya 14 na kuchelewa kufika Uingereza, tuwasomeshe pia fikra zilizozaa kazi hizo, kwa maneno ya wenyewe waliozifikiri, na tuanzie pale ambapo zama hizo zilitugusa sisi.

Mazoea yaliyoenea ni kwamba tamthilia husomwa mbio mbio darasani, kila mwanafunzi akipewa mistari michache ya kusoma kwa sauti, kisha kitabu hufungwa na mwongozo hufunguliwa. Kuanzia hapo hadi siku ya mtihani kazi huwa ni kukariri wahusika na sifa zao, maudhui na mbinu za uandishi. Nami nilifundisha hivyo kwa miaka mingi. Nililitambua kosa langu siku ambapo mwanafunzi hodari, aliyeweza kunitajia bila kukwama sifa sita za Shylock, mkopeshaji Myahudi katika The Merchant of Venice ya Shakespeare, alinyamaza kabisa nilipomuuliza ni kwa nini Antonio, mfanyabiashara wa tamthilia hiyo, hukopesha bila faida na kwa nini jambo hilo limkere Shylock kiasi kile. Alikuwa mtoto aliyelelewa madrasa. Riba aliijua, na hukumu yake aliijua vizuri kuliko mimi, lakini hakuna aliyemwonyesha kwamba swali linaloisukuma tamthilia ile ni hilo hilo alilolisikia kwa ustadhi wake. Laiti ningalimweleza mapema kwamba Kanisa nalo lilikuwa limeiharamisha riba kwa karne nyingi, kwamba Wayahudi wa Venice walikuwa wametengewa mtaa uliofungwa malango usiku tangu 1516, na kwamba Uingereza yenyewe, kwa sheria ya 1571, ilianza kuivumilia riba isiyozidi asilimia 10 huku wahubiri wakiendelea kuikemea, asingalihitaji orodha ya sifa za mhusika. Angalizitoa mwenyewe.

Tangu hapo, somo la kwanza la zama hizo silifanyii darasani. Huwapeleka Ngomeni, yaani Fort Jesus, hapa Mombasa. Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa amri ya Mfalme Philip, aliyezitawala Hispania na Ureno kwa pamoja, na ramani yake ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milan. UNESCO ilipoiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, sababu mojawapo ilikuwa umbo lake: limefuata imani ya wasanifu wa Renesansi kwamba vipimo vilivyo kamili hupatikana katika mwili wa binadamu. Ukiitazama kutoka angani, huonekana kama mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Leonardo da Vinci alikuwa amechora wazo hilo takriban miaka mia moja kabla, katika ile picha ya mwanamume aliyenyoosha mikono na miguu ndani ya duara na mraba. Basi hapa Mombasa, kwa mawe ya matumbawe yaliyochongwa ufukoni mwetu, kuna ukurasa mzima wa fikra za Renesansi, na watoto wetu hupita kando yake wakienda feri au sokoni.

Humwomba kila mwanafunzi asimame juu ya ukuta na kuandika sentensi mbili kwa Kiingereza: moja kuhusu kilicho kizuri katika umbo lile, na nyingine kuhusu mahali mizinga inapoelekea. Sentensi hizo mbili ndizo tunazorudi nazo shuleni, na hutufaa muhula mzima. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake kwamba binadamu yule yule aliyetukuzwa kuwa kipimo cha uzuri ndiye aliyefanywa ramani ya ngome ya vita, hana haja ya kuelezwa kwamba zama zile zilikuwa na pande mbili.

Ngome hiyo ilikamilika mwaka 1596, na The Merchant of Venice iliandikwa karibu na mwaka huo, wala haikupita 1598. Habari za hasara zinapomfikia Antonio, bandari ambako merikebu zake zilikuwa zimekwenda hutajwa moja baada ya nyingine, na mwishoni ni Lisbon, Barbary na India. Siku hizo vyombo vya Ureno vya safari za India vilipita katika bahari yetu na kuzifuata pepo za kusi na kaskazi. Hatuna haja ya kuigeuza Mombasa kuwa mhusika wa Shakespeare, kwani hakuitaja. Lakini mwanafunzi akiifungua ramani na kuifuata njia ile kwa kidole, hatari ya Antonio humjia jinsi ilivyowajia watazamaji wa London, na si kama habari ya nchi ya ndotoni.

Hapo ndipo huwatolea Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969. Huwauliza swali moja tu: kwa nini mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza amegeuka mabepari wengi kwa Kiswahili? Darasa huwaka moto. Wengine hukumbuka kwamba Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967, miaka miwili tu kabla ya kitabu. Wengine hugundua kwenye kamusi kwamba bepari ni neno lililotujia kutoka Bara Hindi, na kwamba zamani maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu, kabla siasa hazijaliongezea uchungu. Kwa hiyo mfasiri alilichagua neno ambalo lilivuka bahari ile ile ya kibiashara, likabeba maana mbili kwa pamoja, na kwa kulitia katika wingi akamhukumu Antonio sambamba na Shylock. Sijapata kuona njia bora ya kumfundisha kijana kwamba kutafsiri ni kusoma kwa makini kuliko usomaji mwingine wowote. Wanafunzi huirudia matini ya Kiingereza wakiwa na hamu ya kujua kama Nyerere alimwonea Antonio au alimsoma sawasawa, na hamu hiyo haipatikani katika mwongozo wowote.

Sasa nizungumzie fikra zenyewe, maana hofu ya walimu wenzangu iko hapo. Husema kwamba vijana wa Gredi ya 11 hawawezi kumsoma Pico della Mirandola, mwanafalsafa wa Italia. Mimi nasema wanaweza, kwa kuwa hatuwapi kitabu kizima, tunawapa ukurasa mmoja. Pico aliandika hotuba yake kuhusu hadhi ya binadamu mwaka 1486 akiwa na umri wa miaka 23, na sentensi yake ya kwanza kabisa inasema amesoma katika maandiko ya Waarabu kwamba mtu aitwaye Abdala aliulizwa ni kitu gani cha kustaajabisha kuliko vyote katika ulimwengu huu, naye akajibu kwamba hakuna kishindacho binadamu. Ukiusoma mlango huo mbele ya wanafunzi wa Mombasa, utawaona wakiinua vichwa. Hotuba ambayo Ulaya huihesabu miongoni mwa nguzo za fikra za Renesansi imefunguliwa kwa jina la Mwislamu na kwa elimu ya Waarabu. Baada ya hapo wakiyasikia maneno ya Hamlet, mwanamfalme wa tamthilia ya Shakespeare, kuhusu binadamu, jinsi alivyo bora kwa akili na umbo na bado machoni pake yeye ni vumbi tupu, hawayakariri kama nukuu ya mtihani. Huyasikia kama jibu la kijana mwenye huzuni kwa kijana mwenye matumaini.

Vivyo hivyo kwa Montaigne, mwandishi wa insha wa Ufaransa. Katika insha yake kuhusu walao watu, iliyochapishwa mwaka 1580, anawasimulia wenyeji watatu wa Brazil waliofika Rouen, mji wa Ufaransa, ambao walistaajabu kwamba katika mji ule walikuwako watu waliojaa neema za kila aina huku wenzao wakiomba milangoni pao, wamekonda kwa njaa. Insha hiyo ilitafsiriwa kwa Kiingereza na John Florio mwaka 1603, na Shakespeare aliichotea alipoandika The Tempest. Kusoma kurasa mbili za Montaigne kabla ya kukutana na Caliban, mwenyeji wa kisiwa aliyefanywa mtumwa katika tamthilia hiyo, hulibadilisha somo zima: mwanafunzi hujua kwamba hata ndani ya Ulaya ya wakati ule walikuwako waliouliza ni nani hasa aliye mshenzi.

Ninajua wapo watakaosema kwamba huku ni kurejesha ukoloni darasani. Hoja hiyo naiheshimu. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kuondolewa kwa Idara ya Kiingereza katika chuo kikuu cha Nairobi, wakitaka Afrika iwe kitovu na fasihi za kwingine zisomwe kwa uhusiano wake nasi. Ninachokiomba ni hicho hicho. Mfano mzuri ni Camões, mshairi wa Ureno, ambaye katika utenzi wake wa 1572 amewafanya watu wa Mombasa kuwa wasaliti wanaoitegea mitego misafara ya Vasco da Gama, hata mungu wa kike Venus anaingilia kati kuzisukuma merikebu zisiingie bandarini, ilhali mfalme wa Malindi ni mwungwana anayeketi kusikiliza historia nzima ya Ureno. Kitabuni hukuti moto uliowashwa Mombasa na Mreno Francisco de Almeida mwaka 1505 ukisimuliwa kwa mdomo wa Mmombasa. Huwapa wanafunzi wangu beti zile kwa tafsiri ya Kiingereza na kuwataka waandike jibu la Sultani wa Mombasa kwa lugha hiyo hiyo. Insha bora kuliko zote nilizowahi kusahihisha zimetoka katika zoezi hilo. Kuwanyima Camões kwa sababu alitutukana ni kuwanyima pia nafasi ya kumjibu.

Kwa hiyo naiomba Taasisi ya Kukuza Mtaala iandae kijitabu cha dondoo fupi za Pico, Montaigne, Thomas More wa Uingereza, Machiavelli wa Italia na Camões, kurasa mbili tatu kwa kila mmoja, kitumike sambamba na tamthilia yoyote itakayoteuliwa. Nawaomba wakuu wa shule waache kuwakataza walimu wa Kiingereza kuingia darasani na tafsiri ya Kiswahili, kana kwamba lugha moja huiibia nyingine. Na watahini watunge angalau swali moja lisilojibika kwa kukariri, maana mwalimu hufundisha kinachoulizwa, na si haki kumlaumu kwa hilo.

Shule za bara ambazo haziwezi kugharamia basi la kuja Pwani zisijione zimeachwa nje. Picha ya Fort Jesus iliyopigwa kutoka angani, ikibandikwa ubaoni kando ya mchoro wa Leonardo, inatosha kwa kipindi cha kwanza. Cha pili kiwe cha ukurasa wa kwanza wa Pico, na cha tatu waanze kuisoma tamthilia.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Fasihi ya Kiingereza,
Kisauni, Mombasa