Mzazi aliyeelemewa atafutiwe kwanza pa kusemea

Ndugu Mhariri,

Makala nyingi za malezi humalizia kwa kumwambia mzazi aliyeelemewa atafute mshauri nasaha mtandaoni, kisha humwacha hapo hapo mlangoni. Sisi tunaofanya kazi hiyo tunaomba nafasi kidogo tueleze yaliyo ndani ya mlango huo. Wapo wazazi wanaoacha baada ya kikao kimoja tu, na mara nyingi kinachowashinda si mshauri wala bando. Ni kukosa pa kusemea.

Mzazi anayeongea huku mtoto wa miaka sita amekaa kochi la pili hawezi kusema, "Jana nilimchapa hadi nikauogopa mkono wangu." Atasema amechoka, basi. Mshauri atamwambia apumzike, dakika 50 zitakwisha, na kilichomleta kitabaki kifuani. Kichanga kinachonyonya hakina tatizo. Mtoto anayeelewa maneno ndiye asiwepo, na kumwekea katuni hakutoshi, maana dakika ya kumi atakuja kuomba maji. Awepo mtu mzima mwingine wa kumwangalia, au kikao kipangwe saa za shule. Usiku watoto wakishalala huonekana ndio wakati mzuri, lakini mzazi aliyeamka alfajiri atasinzia kabla hajafika kwenye neno lenyewe.

Vaa hedifoni yenye kipaza sauti, ili anayepita asikie upande mmoja tu wa mazungumzo. Redio iwashwe nje ya mlango, si chumbani: ikiwa ndani inamsumbua mshauri, ikiwa nje inamsumbua anayetega sikio. Gari lililoegeshwa na kuzimwa injini linafaa kuliko vyumba vingi. Tena mkubaliane mapema neno la siri. Mtu akiingia ghafla, mzazi analitamka, na mshauri anahamia kwenye habari za kawaida bila kuuliza.

Skrini iliyofungwa isionyeshe maneno ya ujumbe unaoingia. Pale mwenza anapopekua simu au kumpiga mzazi, msianzie mtandaoni, kwa kuwa ujumbe uliofutwa kwenye simu moja huweza kubaki kwenye kifaa kingine kilichounganishwa na akaunti hiyo hiyo. Hapo ni heri kuonana na mshauri ana kwa ana, hata siku ya kumpeleka mtoto kliniki, safari ambayo nyumbani haitiliwi shaka.

Kuhusu mshauri mwenyewe, msikilizeni anavyoanza. Anayeijua kazi atauliza uko wapi kwa saa hiyo, na atauliza tena kila kikao, kwa sababu mzazi akisema anataka kujiua, msaada utumwe mahali gani? Atataka namba ya mtu wako wa karibu. Mtapatana nani ampigie mwenzake mtandao ukikatika, na baada ya dakika ngapi. Atakueleza nani anatunza maandishi ya kikao, kama kinarekodiwa, na siri ipi hataweza kuitunza, hasa maisha ya mtu au usalama wa mtoto vikiwa hatarini. Nawe muulize amesomea wapi na nani anasimamia kazi yake. Asiyeuliza lolote kati ya hayo lakini anaahidi kukuponya kwa kikao kimoja, mwache.

Video si lazima. Inakula bando, na wazazi wengine husema mazito zaidi wasipotazamwa usoni. Picha ikiganda, zima kamera kwanza kabla hujakata simu. Ujumbe wa maandishi unafaa kukumbushana miadi, si kubebea mambo ya kifo na uhai.

Tunakaa zaidi kwenye dodoso, maana hapo ndipo tunapoona kosa la hatari kuliko yote. Kwa mama aliyejifungua hutumika sana kipimo cha Edinburgh cha kuchuja dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, kilichochapishwa mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, jumla ya alama kuanzia 0 hadi 30. Kinachuja tu, hakithibitishi ugonjwa. Swali la mwisho linauliza kama katika siku hizo mama amefikiria kujidhuru. Jibu lolote lisilo "hapana kamwe" linataka mtu amuulize mama huyo siku hiyo hiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo. Sasa mtandaoni hutokea hivi: mama anatumiwa kiungo, anajaza saa nane za usiku, anapata jumla ya alama na maneno ya asante, na majibu yanakaa yakisubiri kikao cha wiki ijayo. Kama hakuna wa kuyasoma usiku, fomu isifunguke usiku. Ijazwe ndani ya kikao, mshauri akiwa kwenye laini.

Kuna na mawazo ambayo wazazi huyaficha kwa hofu ya kunyang'anywa mtoto. Mzazi wa mtoto mchanga anaweza kujiwa ghafla na picha ya mtoto akidondoka ngazini, au kisu mkononi mwake mwenyewe, naye akatetemeka na kuanza kukwepa ngazi na visu. Mawazo ya namna hiyo huwapata wengi, na ule woga wenyewe unaonyesha kuwa hana nia hiyo. Mficha uchi hazai: yasemwe, yanatibika. Ni tofauti kabisa na mzazi anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, asiyelala siku kadhaa wala kuhisi haja ya usingizi, au aliyeamini kwamba mtoto si wake, amebadilishwa. Hali hiyo mara nyingi huanza katika wiki mbili za kwanza baada ya kujifungua. Huyo asiachwe peke yake na mtoto, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kazi ya mtandaoni inaishia hapo.

Ipo pia tofauti inayosaidia kueleza hali yako. Uchovu wa malezi hukaa kwenye malezi: kazini mtu anacheka, kwa marafiki yuko hai, akifungua mlango wa nyumbani tu anazimika. Sonona humfuata mtu kila aendako. Mwambie mshauri ni wapi unapata nafuu na ni wapi huipati, atajua pa kuanzia.

Vikao vyenyewe si vya milele. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2016 mpango wa vikao vitano, kimoja kwa wiki, ambao hata wasaidizi wasio wataalamu wa afya ya akili wanaweza kuuendesha wakishafunzwa na kusimamiwa. Kazi huwa ndogo na ya karibu. Mzazi anaandika kwa siku 7 ni saa ngapi alifoka, alikuwa akifanya nini, na nani alikuwepo. Mara nyingi inaonekana ni saa moja ile ile ya jioni: chungu kiko jikoni, daftari la mtoto liko mezani, na simu ya kazini inaita. Kinachojaribiwa wiki inayofuata ni simu kukaa kabatini dakika 40, si kugeuka kuwa mzazi mpya. Na kwa kichanga kisichonyamaza, mlaze chali kitandani mwake, toka chumbani, urudi kumtazama kila baada ya dakika 5 hadi 10. Kulia hakumuui; kutikiswa kunaweza kumuua.

Ombi letu kwako, Mhariri: mnapochapisha namba au anwani ya huduma hizi, chapisheni na saa ambazo hupokelewa, kama anayejibu ni mtu au mashine, na pa kukimbilia saa ambazo hakuna anayejibu.

Ni sisi,
Washauri nasaha wa familia