Tuwekewe maboya Misali

Mhariri, assalaam aleikum. Mie mvuvi wa madema, ile mitego ya kusuka ya samaki, hapa Pemba, naomba nafasi gazetini kwako.

Juzi mtoto wa dada yangu karudi diko, pale tunaposhushia samaki, mikono mitupu, madema yake matatu yamechukuliwa, kumbe kayatega magharibi ya kisiwa cha Misali, pale pasipovuliwa kabisa. Nikamwambia we hukujua pale hifadhi? Akanijibu, "Mjomba, si Misali yote hifadhi, mbona twavua kila siku?" Sikuwa na la kumjibu, maana kweli Misali ni hifadhi tangu 1998 lakini haikufungwa yote, pana upande wa kuvua na upande wa kuacha, na alfajiri ukiwa ndani ya mtumbwi huoni boya wala kibao, maji ni yale yale.

Watu wengi wanajua hifadhi ni hifadhi tu, wallahi sivyo. Jozani kule Unguja ni hifadhi ya taifa tangu 2004, ndo hiyo moja tu Zanzibar nzima, ina kima punju wake. Ngezi yetu ni msitu wa hifadhi. Mwamba wa kisiwa cha Chumbe, Unguja, umefungwa tangu 1994, hata mshipi hutupi, lakini Ghuba ya Menai, huko huko Unguja, wenyeji wanavua, kinachokatazwa ni uvuvi wa kuharibu kama juya, yaani nyavu za kukokota, na baruti. Sasa kijana wa miaka 19 hayo atayajulia wapi kama hakuna aliyekuja diko kumwambia?

Mie sipingi kufungwa, tena naunga mkono. Chewa akiachwa akawa mkubwa anataga mayai mengi mno kushinda mdogo, na samaki wakijaa pale ndani wanatoka nje wanakuja kwenye madema yetu, na kasa nao wanapata mchanga wa kutagia. Tena sisi Wapemba tukielezwa tunalinda, tazama popo wetu, miaka ya themanini walikaribia kwisha kwa kuwindwa, leo nenda Kidike uwaone walivyoning'inia mchana, na wanaowatunza ni wanakijiji wenyewe.

Kwa hivyo tunaomba maboya ya rangi mpakani, na ramani ya Kiswahili ibandikwe kila diko, masheha wapewe na wao. Na yale madema matatu kijana arudishiwe, kayasuka kwa mkono wake na hana mengine.

Mvuvi, Chake Chake