Mwanangu hataki kula: je, nimpe dawa za bibi yake?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mama wa mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 2 na miezi 4, na ninaishi Muheza, mkoani Tanga. Tangu alipougua homa na kuhara mwishoni mwa masika, mwanangu amepoteza hamu ya kula kiasi kwamba akiona bakuli la uji hugeuza uso na kuziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kabla ya kuugua alikuwa na kilo 9.9, juzi kliniki amepimwa kilo 10.1, yaani ameongeza gramu 200 tu katika miezi 4, na mstari kwenye kadi yake umeanza kulala. Muuguzi alinishauri nimlishe kidogo kidogo mara tano kwa siku, kisha nimrudishe baada ya mwezi.

Nyumbani, hata hivyo, hakuna anayetaka kusubiri. Mama mkwe, ambaye namheshimu sana, anashikilia kwamba mtoto ana minyoo na kwamba dawa yake ni maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, nusu kikombe kila asubuhi, ingawa mwezi Juni alipewa dawa ya minyoo pamoja na tone la vitamini A. Hili la mwarobaini nimelikataa, kwa kuwa nilisoma kwamba mafuta ya mti huo yamewahi kuwadhuru watoto wadogo, nami sijui majani nayo yana nguvu kiasi gani katika mwili wa kilo 10. Yeye amelea watoto saba, mimi huyu ni wa kwanza, kwa hiyo mnaweza kukisia neno la nani lina uzito jikoni.

Mengine nimeyakubali. Unga wa ubuyu naukoroga katika uji uliokwisha kupoa kidogo, na huo anaunywa vijiko vitano au sita kwa sababu ya ugwadu wake. Unga wa majani ya mlonge niliutia katika mchicha wa nazi, akautema. Tangawizi ilimliza. Jirani naye ananihimiza ninunue kwenye duka la dawa sharubati ya kuongeza hamu ya kula, ambayo anasema wanawe waliitumia wakanenepa, sijainunua.

Lazima nikiri jambo moja ambalo muuguzi hakuniuliza. Kwa kuogopa asishinde na njaa, nimekuwa nikimpa chai ya maziwa yenye sukari kila anapolia, pengine vikombe vinne kwa siku, pamoja na biskuti. Nimeanza kujiuliza kama kweli hana hamu, au tumbo limekwisha kujaa kabla chakula hakijaiva.

Naomba basi unisaidie. Je, ubuyu na mlonge vinafaa kwa umri wake, na kwa kiasi gani? Chai niikatishe ghafla au nipunguze polepole? Na je, nisubiri mwezi huo uishe ilhali wiki hii nimemkuta mara mbili akibandua udongo wa ukuta wa jiko na kuulamba, au nimpeleke sasa akapimwe wingi wa damu na choo?

Mama wa mtoto mmoja, Muheza