Kishikwambi kije baada ya ngazi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyependekeza watoto wa wafugaji na wavuvi wanaohamahama wapewe vishikwambi vyenye masomo ya sayansi na uhandisi, wajisomee popote walipo. Nia yake njema, na vishikwambi si vigeni tangu vile vya sensa ya 2022 vigawiwe walimu. Ila kazi anayoizungumzia ndiyo inayonipa ugali, na nimeshaivuruga mara moja, kwa hiyo nina la kusema.

Nafundisha masomo ya kiangazi katika Bonde la Yakima, jimbo la Washington, Marekani. Wanafunzi wangu ni watoto wa vibarua wa mashambani. Wazazi wao huchuma cheri Juni na Julai, kisha matufaha mpaka Oktoba, na hapo katikati wapo wanaokimbilia jimbo la Montana, kwenye cheri za ziwa Flathead zinazochelewa kuiva. Huku wana programu yao ya serikali kuu tangu 1966: mtoto aliyehama kwa ajili ya kazi za shamba huhudumiwa kwa miezi 36, na akihama tena kwa kazi hizo hesabu inaanza upya. Nyumbani huzungumza Kihispania. Wengine huzungumza Kimixteco, lugha ya asili ya kusini mwa Meksiko; Kihispania kwao ni lugha ya pili, na Kiingereza, hicho cha kwenye kompyuta, ni cha tatu.

Mwaka wa kwanza niliwaletea somo la usanifu wa kihandisi nililolikuta mtandaoni likiwa limeiva: video, picha za rangi, ratiba ya wiki sita. Tujenge daraja kwa tambi kavu, tulipakie vitabu mpaka livunjike. Siku ya kwanza video ilizunguka weee, haikufunguka. Siku ya pili msichana mmoja wa miaka 13 akanyoosha mkono akauliza kwa adabu zake zote: "Maestro, hili daraja watu wanalivuka kwenda wapi?" Sikuwa na jibu. Wiki ya tatu cheri zikaisha, nusu ya darasa ikaondoka. Madaraja yakabaki mezani, mengine hayajafika hata katikati, na panya wa jengo lile wakapata chakula.

Kama nisingezaliwa Kipumbwi, kule Pangani, huenda ningewalaumu watoto. Lakini mimi mwenyewe ni mtoto wa dago, yaani kambi ya muda ya wavuvi. Baba alikuwa mvuvi. Pepo zikigeuka tunafungasha, tunapiga dago mahali pengine, na darasa la tatu nililisoma kwa vipande. Narudi nakuta wenzangu wameingia kwenye sehemu na desimali, na mwalimu ananiita mtoro mbele ya wote. Mtoro huyo alikuwa anajua kutia kalafati mashua, na angeweza kukueleza kwa nini uzi wa pamba unashindiliwa kwanza ndipo mbao zipakwe sifa, yale mafuta ya papa. Hakuna aliyemuuliza.

Basi mwaka wa pili niliacha tambi, nikaingiza ngazi darasani.

Ngazi za kuchumia matunda huku zina miguu mitatu: miwili upande wa vipandio, mmoja mrefu mbele. Niliisimamisha katikati ya darasa nikauliza kwa nini si minne. Kimya. Halafu yule yule msichana wa daraja akaja mbele, akaushika mguu wa tatu, akaonyesha kwa mkono jinsi unavyopenya kati ya matawi mpaka karibu na shina. Minne isingepita. Mwingine akasema ardhi ya shamba ina mabonde na mawe, na kitu cha miguu minne kila mara kina mguu mmoja unaoning'inia. Mimi nikawachorea mafiga ubaoni, nikawaambia kwetu figa moja haliinjiki chungu, na matatu hayachezi hata uyapange kwenye kokoto. Walicheka, wakataka kujua nini kinapikwa.

Kuanzia hapo kazi ilijiendesha. Tulitengeneza ngazi ndogo kwa vijiti na uzi, tukatundika kifuko cha changarawe upande wa mbele, kwa sababu mchumaji huvaa mfuko kifuani, na mfuko wa matufaha ukijaa una uzito wa karibu kilo 20. Tuliinamisha ubao kidogo kidogo mpaka ngazi ianguke, tukapima pembe. Mvulana mmoja akapendekeza mfuko uvaliwe mgongoni. Wenzake wakamvamia: tunda utalitia vipi, kwa kulirusha nyuma? Hapo ndipo nilipowafundisha tofauti ya kile ambacho kifaa lazima kifanye na yale yanayokibana: uzito, bei, mikono miwili tu. Viwango vya sayansi ambavyo jimbo hili lilivipokea 2013 vinataka hayo hayo: eleza tatizo na mipaka yake, linganisha njia, jaribu, boresha. Waligundua wenyewe kwamba kwenye mteremko mguu wa tatu lazima uelekee juu. Baadhi yao walikuwa wameshaambiwa hivyo na baba zao kwa kukaripiwa. Safari hii waliona sababu.

Na intaneti? Iliingia hapo, siku ya tatu, watoto walipokuwa na swali. Tulifungua mazoezi ya mizani ya PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ulioanzishwa 2002 na Carl Wieman, aliyekuwa amepata Nobeli ya fizikia mwaka mmoja kabla. Nayapenda kwa mambo mawili. Unayapakua mara moja ukayatumia bila mtandao, na yana lugha nyingi. Watoto wangu waliyatumia kwa Kihispania. Kwenye orodha ya lugha nikakuta na Kiswahili, nikabaki natabasamu peke yangu kama mwehu.

Sisemi tulimaliza salama. Safari hii pia watoto waliondoka kabla ya mwisho. Tofauti ni kwamba niliyagawa masomo kwa siku mbili mbili, kila kipande kinajitosheleza, na kila mtoto alikuwa na daftari lake la michoro, vipimo na makosa. Serikali ina mfumo wa kuhamisha kumbukumbu za wanafunzi hawa kutoka jimbo hadi jimbo. Unabeba alama na chanjo. Mchoro wa ngazi iliyoanguka kwenye nyuzi 14 haumo. Huo aubebe mtoto begani, amwonyeshe mwalimu wa Montana asije akamwanzisha upya kwenye tambi.

Kwa hiyo ndugu msomaji, vishikwambi viende kwa watoto wa Kimaasai, wa tumbaku za Urambo na wa madago ya kwetu, sina ugomvi. Ila kabla ya kununua hata kimoja, mwalimu akae na watoto awaulize boma linajengwaje kwa siku moja, na maji yanabebwaje kwa punda bila kumwagika. Kisha masomo yatafutwe kufuata majibu, yawe ya Kiswahili, yakae ndani ya kifaa bila kutegemea mnara, na yasidai wiki sita kwa mtoto mwenye wiki mbili. Na fedha ya daftari la jalada gumu iwekwe kwenye bajeti hiyo hiyo. Najua madaftari hayapigwi picha na wageni rasmi.

Ngazi ya yule mvulana wa mfuko wa mgongoni iko juu ya kabati langu, mguu wa tatu umelegea. Gundi ninayo. Lakini ukurasa wake wa mwisho aliandika kwamba cheri zijazo atakuja kuufupisha kwa sentimita mbili ajaribu tena, kwa hiyo sijaigusa.

Mwalimu, mzaliwa wa Kipumbwi,
Bonde la Yakima, Washington